Maandamano yakiacha maiti na maduka yaliyovunjwa, nani awajibike?

Watatu wanabishana, kila mmoja akiitwa kwa mtaa wake wa Nairobi; wa Luthuli Avenue ni mwenye duka.

Luthuli Avenue: Tarehe 25 Juni 2025 watu walijaa katikati ya jiji la Nairobi kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja nyuma, siku Bunge lilipovamiwa kwa hasira ya Mswada wa Fedha wa 2024. Jioni maduka ya simu na ya nguo yalikuwa matupu. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinamtaka mwandalizi wa maandamano ampe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, notisi kati ya siku 3 na 14 kabla, yenye jina lake, anwani yake na njia itakayopitwa, na awepo mwanzo hadi mwisho kusaidia kudumisha amani. Vijana wanajivunia kuwa hawana kabila, chama wala kiongozi. Sasa mlango uliokatwa, bili apelekewe nani? Bima nyingi za moto hazigusi fujo za kisiasa. Fujo hizo zina bima yake ya pembeni, na wenye vibanda hawana. Hata mwenye nayo ataombwa abstrakti ya polisi (hati ya kuthibitisha kuwa tukio liliripotiwa), ankara za mzigo na hesabu ya stoo ya kabla ya tukio. Ankara zenyewe zilikuwa ndani ya duka! Aliyeitisha alipe.

Milimani: Pole sana kwa hasara, ndugu yangu, lakini hapo hapana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatoa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Notisi ni taarifa, si ombi la ruhusa. OCS anaweza kukataa tu kama mwingine ametangulia kutoa notisi ya siku, saa na mahali hapo hapo. Na kosa la jinai ni la mtu na mkono wake. Tarehe 17 Juni 2025 wahuni walikuja mjini kwa bodaboda na marungu na mijeledi, wakawachapa waandamanaji mchana kweupe. Ukimbebesha mwandalizi hasara yote, adui yake atakodi vijana kumi wenye mawe, na mwandalizi huyo hatasimama tena maishani.

Kayole: Mnahesabu milango. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, na 405 kati yake vilikuwa vya risasi. Hebu tuseme kesi za waliopigwa risasi na polisi hufia wapi.

Jedwali la 6 la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi liko wazi: polisi akiua au kujeruhi vibaya, mkubwa wake aripoti mara moja kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, eneo lilindwe, familia ijulishwe. Mwenye sare avae jina au namba inayoonekana. Kusema "niliamriwa" si utetezi. Yote yameandikwa. Kesi hufia kwenye risasi. Ikibaki mwilini ndiyo shahidi, kwa sababu mikwaruzo ya mtutu iliyo juu yake hulinganishwa na bunduki. Ikitolewa kwa koleo la chuma lenye meno, inapata mikwaruzo mipya na ushahidi umechafuka. Itiwe kwenye kifuko chake, kifuko kifungwe kwa lakiri, iandikwe tarehe na saa, atie sahihi aliyetoa na aliyepokea. Na anayepokea ni nani? Mara nyingi ni polisi, na maabara yenyewe iko DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road. Sheria ya kuanzisha uchunguzi huru wa vifo ilipitishwa 2017, na miaka imepita bila idara yake kusimama. Kwa hiyo familia itafute daktari wake wa kushuhudia upasuaji wa maiti, na wachunguzi wadai daftari la silaha la kituo: nani alichukua bunduki namba gani, na risasi ngapi, na ngapi zikarudi. Aliyejeruhiwa naye asikate tamaa akinyimwa P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, kituoni. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, lakini IPOA hupokea malalamiko moja kwa moja.

Luthuli Avenue: Hilo la risasi nimelielewa, na linaniuma. Lakini mwizi wa televisheni je?

Milimani: Ashtakiwe kwa wizi, upesi. Baada ya Juni 2025 vijana walipelekwa Mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Kosa kubwa hivyo linataka ushahidi mkubwa, na usipokuwepo hata mwizi halisi anatoka huru. Wewe mwenye duka una kamera. Rekoda hujifuta baada ya wiki chache, kwa hiyo nakili mapema, andika saa ya mashine imekosea dakika ngapi, na aliyenakili atie sahihi cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bila cheti hicho, video inaweza kukataliwa kortini.

Kayole: Na usifute sehemu inayoonyesha polisi.

Luthuli Avenue: Sifuti. Lakini kwenye notisi bado sijabadilika: mtu mmoja awe na jina.

Kayole: Na mwenye bunduki je, jina lake liko kifuani?