Mrejesho: darasa la Katekisimu katika usharika wetu, Katuba (Lubumbashi)

Wapendwa, niliuliza hapa tufanyeje: vijana wanapotea baada ya kipaimara, na watu wazima hawaji kwenye somo la Biblia siku ya Jumatano jioni. Mama mmoja alinijibu tuache kuwangoja kanisani, somo liende majumbani. Tumefanya hivyo, na Mungu asifiwe.

Tunasoma Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani. Aliitoa mwaka 1529 akitaka mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani kwake, kwa hiyo sebuleni ndipo mahali pake hasa. Kijana anasoma amri, wazee wanaeleza maana yake. Kwenye amri ya saba, usiibe, baba mmoja anayeuza makala (makaa ya kupikia) sokoni alizungumza juu ya kujaza gunia kwa haki, na vijana wakamuuliza maswali mpaka umeme ukakatika. Tuliendelea kwa tochi za simu. Kanisani sijawahi kusikia mazungumzo ya namna hiyo!

Baada ya somo ni bukari (ugali) na lengalenga (mchicha), kila nyumba inaleta kidogo. Mimi naona chakula hiki ni sehemu ya somo, maana ndipo tulipojua ni mjane gani anaumwa. Sasa vijana ndio wanaokwenda kumchotea maji na kuomba naye.

Kwaya bado inagongana na ratiba yetu. Mwenye ushauri kuhusu hilo anisaidie tena.