Naomba ushauri: dawa za kupunguza kasi ya maradhi ya multipo sklerosisi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike, mkaazi wa Chake Chake, amegundulika na multipo sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Tunafahamu kuwa dawa zilizopo haziponyi, bali hupunguza mashambulizi na kuchelewesha ulemavu, na ndiyo sababu sitaki tukawie.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza glatirama, kladribini na rituksimabu katika orodha yake ya dawa muhimu kwa maradhi haya. Rituksimabu, ambayo hutibu pia baadhi ya saratani, ndiyo inayonipa tamaa zaidi, kwa kuwa hutiwa kwa dripu mara chache kwa mwaka, na kwa mtu anayechoka upesi kama yeye, safari za boti kwenda Unguja si jambo dogo. Hata hivyo hudhoofisha kinga, na homa ya ini aina ya B lazima ipimwe kwanza.

Naomba aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii anieleze dripu hiyo alipatia wapi, bima ilichangia kiasi gani, na, kwa kuwa mdogo wangu ameolewa karibuni, daktari alishauri nini kuhusu kubeba mimba.