Madj wa muvi za kutafsiri acheni kuropoka, mmeniharibia Parasite

Wakuu habarini, nina hasira hapa nilipo hata chai haishuki.

Parasite mnaijua, ile ya Wakorea ya Bong Joon-ho iliyobeba Oscar nne 2020. Familia ya walalahoi wanaishi nusu chini ya ardhi, wanajipenyeza mmoja mmoja kwenye jumba la tajiri, kijana anafundisha tuisheni, dada'ke anafundisha kuchora, baba dereva, mama hausigeli, na wote wanajifanya hawajuani. Muvi nzima siri juu ya siri. Bong mwenyewe kule Cannes 2019 aliwaomba waandishi wa habari wasitoboe, sasa DJ wetu, huyu anayetafsiri kwa kuongea juu ya muvi, yeye nani?

Kwenye muvi ni usiku, mvua kubwa, matajiri wamesafiri, hawa walalahoi wanakunywa pombe za watu sebuleni, mara kengele ya mlangoni inalia. Kwenye skrini anatokea yule hausigeli wa zamani waliyemfitini akafukuzwa, kalowa chapachapa, anabembeleza afunguliwe kuna kitu kasahau huko chini stoo. Kibanda umiza kizima tulipokuwa tunaangalia kimya, hata muuza kahawa kachungulia. DJ akapasuka, "wanangu, huyu mama huko chini kaficha..." na akamalizia!! Kitu ambacho mtu kakipika saa nzima. Sisemi ni nini, kuna ambao hawajaiona na mimi sina mdomo kama wake.

Haya, baba na wanae wako chini ya meza wamejibanza, tajiri na mkewe wamejilaza kwenye kochi hapo hapo wanaongea kwa sauti ya chini, tajiri anamsema dereva wake kwamba ananuka na dereva anasikia kila neno. Hapo ndo pa kutafsiri sasa! Jamaa kaona pametulia akachomekea namba yake ya simu na duka lake la kujaza muvi kwenye flashi. Matokeo yake kule kwenye bethdei tajiri anaziba pua, mambo yanalipuka, watu wanaulizana huyu mzee kapandwa na nini, kwani si yeye steringi? Cha kuficha kasema, cha kusema kameza.

Na msiniambie nisome sabutaito, kaziziba na jina lake kwa maandishi ya njano.

Sipingi kutafsiri, wengine tumekuzwa na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri muvi wa zamani. Mwenye kumjua DJ asiyeropoka amtaje hapa, wife bado hajaiona.