Zenia zimenijazia tangi la maji chumvi: chokaa, samaki kipepeo au nitoe mawe?

MwanaSae (Mbeya) – Jumapili, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za jioni. Nina tangi la maji chumvi nyumbani, huu mwaka wa pili. Kuna jamaa alinigawia kipande cha zenia, yale matumbawe laini yanayofumba na kufumbua kama kiganja cha mtoto mchanga. Nilifurahi, wageni wakija wanakaa hapo nusu saa wanashangaa. Sasa hivi sina raha. Zimepanda mwamba wa kati, zimeshika kioo cha nyuma, juzi nimezikuta hadi mdomoni mwa pampu. Matumbawe mengine yanafunikwa na kufa taratibu.

Njia nilizopata ni tatu. Kuzidunga chokaa kwa sindano. Au kuna muuzaji yuko Dar ana samaki kipepeo anayekula matumbawe laini, anataka 85,000 pamoja na boksi na nauli ya basi, hela aipate kabla ya Alhamisi. Au nitoe mawe nje niyasafishe. Ipi bora? Naomba wenye uzoefu tu.

Chifu_Gangilonga (Iringa) – saa 3:40 usiku

Kamwene. Tangi lita ngapi? Kuna nini kingine humo? Picha iko wapi? Mnakuja kuuliza dawa, mgonjwa mmemwacha nyumbani.

MamaKonokono – saa 3:55 usiku

Na unalisha mara ngapi kwa siku? Zenia hainenepi kwa hewa. Ukiona inatambaa hivyo, mara nyingi maji yana uchafu mwingi wa chakula.

MwanaSae – saa 4:20 usiku

Lita 240. Samaki klauni wawili, kamba msafishaji mmoja, konokono kama kumi. Kulisha mara tatu, watoto wanapenda kulisha. Picha kesho, umeme hakuna huku na simu ina asilimia 6.

MamaKonokono – saa 4:23 usiku

Mara tatu! Klauni wawili! Nimemaliza.

Fundi_wa_Tukuyu – Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Usinunue kitu. Zenia inatembea yenyewe, kwa hiyo itegee. Chukua vipande vidogo vya mwamba mkavu, vizungushe chini ya zile zilizo pembeni, vigusane nazo. Ndani ya wiki mbili tatu zitakuwa zimepanda juu yake. Unanyanyua kijiwe na zenia yake, unaweka kingine. Mimi nimeuza vijiwe hivyo mpaka nikanunua hita mpya. Na mwamba utakaoubakiza na zenia uweke peke yake mchangani, mbali na mingine, pasiwe na daraja.

Mzee_wa_Chokaa – saa 2:15 asubuhi

Hiyo ni njia ya mtu ambaye hana haraka. Chokaa ndiyo mwisho wa matatizo. Unakoroga na maji kidogo iwe kama uji mzito, unazima pampu zote, unapaka au unadunga kwa sirinji, unasubiri nusu saa. Kwisha habari yake.

Chifu_Gangilonga – saa 2:31 asubuhi

Umemwambia kuhusu pH? Maji yaliyoshiba chokaa yana pH ya 12 na pointi kadhaa. Bahari iko 8 na kidogo. Lita 240 ukidunga zenia ishirini kwa siku moja unaua kila kitu. Tatu nne kwa siku, unapima, unapumzika. Na miwani ya macho, chokaa haina mchezo na jicho.

Mzee_wa_Chokaa – saa 2:36 asubuhi

Sijasema ishirini.

Chifu_Gangilonga – saa 2:37 asubuhi

Hujasema tatu pia.

MwanaSae – saa 7:05 mchana

Chokaa ile ya kupaka nyumba inafaa? Hapa Mwanjelwa mfuko upo bei rahisi.

Mzee_wa_Chokaa – saa 7:20 mchana

Chokaa ni chokaa.

Fundi_wa_Tukuyu – saa 7:48 mchana

Si kweli. Ya ujenzi hujui imechanganywa na nini, na ukipata ambayo haijazimwa itachemka mkononi ukitia maji. Tafuta kalsiamu haidroksaidi safi, ile ya daraja la chakula. Na hata hiyo, kipande cha zenia ukubwa wa punje ya mchele kikibaki kinaota tena.

Dokta_Mifugo_Makambako – saa 1:10 jioni

Mnahangaika bure. Fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mbuzi. Unaweka kiasi kidogo sana, zenia na yale matumbawe laini ya mazulia ya kijani yananyauka yenyewe, hugusi kitu.

MamaKonokono – saa 1:14 jioni

NA KONOKONO WAKE KUMI? Dawa hiyo inaua konokono na minyoo yote mizuri ya kwenye mchanga, halafu inajificha ndani ya mawe. Miezi inapita unaweka konokono mpya, anakufa. Kisha zenia zote zinaoza siku moja, maji yanajaa amonia. Tena nyie mko juu ya mita 1,600 na kitu, hewa ya oksijeni kwenye maji ni pungufu kuliko pwani kwa karibu asilimia 20. Umeme ukikatika usiku huo, asubuhi una supu. Mbuzi ni mbuzi.

Dokta_Mifugo_Makambako – saa 1:30 jioni

Nimesema kiasi kidogo.

MwanaSae – Jumanne, saa 3:00 asubuhi

Ndaga fijo kwa michango. Picha hiyo hapo. Kipepeo naona ana utata, kwa hiyo nimeamua Jumamosi natoa mawe. Yale ya pembeni nakwangua. Mwamba wa kati nautia kwenye sufuria kubwa ya pilau nichemshe kabisa, zife zote na mayai yake. Una vile vitufe vya kijani na chungwa kama vifungo vya shati, navyo vinakwenda na maji, sivipendi tena.

Chifu_Gangilonga – saa 3:04 asubuhi

Simama. Usichemshe hilo jiwe.

Nimekuza picha yako. Hivyo vifungo si zenia, ni zoanthidi, viumbe jamaa wa matumbawe, na ndugu zao wengine wana sumu inayoitwa palitoksini. Wanasayansi waliitenga Hawaii mwaka 1971 na ni kati ya sumu kali kabisa za baharini. Kuchemsha hakuiui. Kunairusha hewani na mvuke, wewe na nyumba nzima mnaivuta.

Naandika kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi. Mwaka juzi nilinunua jiwe kwa mtu aliyekuwa anaachana na ufugaji. Lilikuwa na vitufe vya kahawia, vibaya, nikasema nitavitoa nipate jiwe tupu. Nikaliweka kwenye karai jikoni, nikalimwagia birika zima la maji ya moto, nikaanza kusugua kwa brashi ya viatu. Mvuke ukanipiga usoni. Harufu ilikuwa ya pwani tu, ya samaki na chumvi, hata nikamwambia mke wangu "unasikia Kigamboni hiyo". Kama nusu saa baadaye mdomo ukawa na ladha ya chuma, kama nimelamba msumari. Mke wangu alikuwa sebuleni anakunja nguo, hajagusa chochote, naye akaanza kukohoa. Ilipofika saa mbili usiku natetemeka chini ya mablanketi mawili, kifua kimebana, misuli ya mapaja inauma kama nimepanda mlima Kitonga kwa miguu nikiwa na gunia.

Tukaenda kupima. Malaria hakuna. Nikamweleza nesi kwamba nimevuta mvuke wa jiwe la baharini. Akamwangalia mwenzake. Yule mwenzake akaniuliza taratibu, "Baba, hilo jiwe ulipewa na nani?" Walidhani nimelogwa! Ilibidi mdogo wangu atafute maelezo kwenye simu ampe daktari asome. Nilikaa kwenye oksijeni, siku mbili kitandani. Sumu hiyo haina dawa yake maalumu, wanatibu dalili tu. Mke wangu alipona haraka lakini tangi alilipiga marufuku miezi minne.

Kwa hiyo: usichemshe, usimwagie maji ya moto, usiweke kwenye jiko la umeme, usisugue jiwe kavu. Kama lazima uguse, glavu ndefu, miwani, usiwe na kidonda mkononi, fanya ndani ya ndoo ya maji ya tangi, nje ya nyumba, watoto mbali.

Fundi_wa_Tukuyu – saa 3:22 asubuhi

Pole sana mkuu. Hii ya nesi nimecheka halafu nikajisikia vibaya.

Mzee_wa_Chokaa – saa 3:40 asubuhi

Lakini Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu kwa sababu ya mwinuko. Huenda huko sumu haitoki vizuri.

Chifu_Gangilonga – saa 3:41 asubuhi

Mzee.

MamaKonokono – saa 3:50 asubuhi

Nyuzi 94 maharage ndiyo yanachelewa kuiva. Mvuke unatoka vilevile.

MwanaSae – saa 6:15 mchana

Nimeishiwa nguvu. Sufuria yenyewe ni ya mama mkwe. Sasa mwamba wa kati nifanyeje?

Fundi_wa_Tukuyu – saa 6:40 mchana

Hivyo vifungo viache viishi, havijakukosea. Shughulika na zenia tu. Toa jiwe, liweke kwenye ndoo ya maji ya tangi, kata zenia kwenye shina na kwangua ngozi ya chini yote kwa kisu kidogo, usipite karibu na vifungo. Suuza kwa maji ya tangi, rudisha. Za kwenye kioo, wembe mkono mmoja, mpira wa kunyonya maji mkono wa pili, ili vipande visiruke. Zenia ikikatwa inatoa majimaji yanayowaudhi wenzake, kwa hiyo weka kaboni mpya kwenye chujio na badilisha maji kidogo siku hiyo. Brashi na glavu loweka kwenye jiki iliyozimuliwa kabla ya kutupa.

Bint_Kihesa – saa 10:05 jioni

Mie nilipewa ule "mti wa Kenya", tumbawe laini jingine. Zenia afadhali. Ule unadondosha matawi usiku, asubuhi kila tawi limeota sehemu nyingine.

Mzee_wa_Chokaa – saa 10:09 jioni

Jina lenyewe si limekuambia? Wakenya wakishaingia sokoni hawatoki 😂

Bint_Kihesa – saa 10:30 jioni

😂😂 Nilivikusanya kwenye chupa, nikienda Dar mwezi ujao nivirudishe baharini kwao.

Chifu_Gangilonga – saa 10:44 jioni

Usifanye hivyo dada. Kule Venezuela, pwani ya Mochima, tumbawe laini la jamii hiyohiyo ya zenia, lenye asili ya bahari za Hindi na Pasifiki, lilifika kupitia biashara ya matangi. Limefunika miamba na majani ya bahari, matumbawe ya wenyeji yanakufa chini yake. Kausha juani, fukia.

Kyela_Mbuna – saa 2:00 usiku

Mimi nasoma tu nashangaa. Chumvi ya kuagiza, hita mwezi wa sita mzima kwa baridi ya Mbeya, sumu jikoni. Matema hapo ziwa lina mbuna, samaki wa kwenye mawe, wa bluu, wa njano, wa mistari. Hawahitaji chumvi, wanapenda maji magumu, hakuna tumbawe la kukuvamia. Ziwa Malawi lina samaki aina mamia ambao hawapo popote duniani.

Dokta_Mifugo_Makambako – saa 2:03 usiku

Ziwa NYASA.

Fundi_wa_Tukuyu – saa 2:03 usiku

Ziwa nini???

Kyela_Mbuna – saa 2:10 usiku

Samahani, vitabu vya samaki ndivyo vinaandika hivyo.

Dokta_Mifugo_Makambako – saa 2:12 usiku

Mtu wa Kyela kabisa.

*(Majibu 14 kuhusu mpaka wa ziwa yamehamishiwa uzi mwingine. Msimamizi.)*

MamaKonokono – Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Hakuna aliyemjibu kuhusu kipepeo. Ni Chaetodon melannotus? Huyo kweli anakula matumbawe laini, lakini anapita sentimita 15 akikua, lita 240 ni chumba cha kupanga kwake. Na zenia ikiisha atakula nini? Hivyo vifungo, au afe njaa. Safari ya basi kutoka Dar yenyewe ni zaidi ya kilomita 800.

MwanaSae – Ijumaa, saa 2:45 usiku

Mrejesho. Kipepeo ameuzwa kwa mtu mwingine, sikuwahi kutuma hela. Leo nimetoa mawe mawili madogo, nimekwangua kwenye ndoo nje, glavu na miwani ya kuchomelea ya jirani. Klauni wanakula vizuri. Mwamba wa kati sijaugusa, nauogopa. Vijiwe vya Fundi nimeshavipanga chini yake. Watoto nimewaambia kulisha mara moja, wamenuna.

Mzee_wa_Chokaa – saa 3:01 usiku

Miezi mitatu utarudi hapa kuniulizia chokaa.

Mgeni_Ipogolo – saa 3:20 usiku

Habari wakuu, mimi mpya humu. Nimefungua tangi la lita 100, liko tupu. Hizo zenia ulizotoa bado zipo? Unauzaje?

Chifu_Gangilonga – saa 3:21 usiku

Mdogo wangu, umeusoma uzi?

MwanaSae – saa 3:24 usiku

Kijiwe 10,000. Njoo inboksi.