Tupeane uzoefu: impoti za Python zilizowahi kukutesa

Wakuu habari za Kampala na kwingineko, leo tuongelee impoti za lugha ya programu ya Python, yaani kuita kodi (maandishi ya programu) ya faili jingine au ya maktaba ndani ya faili lako, maana vijana ninaowafundisha hapa Wandegeya wanakwama palepale kila muhula, mtu anaandika fanksheni safi kabisa ila akishagawa kodi kwenye mafaili mawili kila kitu kinagoma. Naanza mimi. Binti mmoja alitengeneza mchezo wa kubahatisha namba, faili akaliita random.py na ndani kaweka import random, kuendesha anaambiwa hakuna randint, ile fanksheni ya kutoa namba ya kubahatisha iliyomo kwenye random ya Python. Python inatafuta kwanza kwenye folda ya skripti yenyewe ndo iende kwenye maktaba yake, kwahiyo faili lilikuwa linajiimpoti lenyewe. Nikamwambia aweke print(random.__file__) chini tu ya ile impoti, kuona njia ya folda yake mwenyewe akaelewa hapohapo. Toleo la 3.13 linakushauri kabisa ubadilishe jina la faili, hilo nimelipenda sana. Haya leteni zenu

Mdau wa Mbale: Mimi ni programu ya malipo ya wakulima wa kahawa, bei ya kilo ipo kwenye bei.py na mafaili mengine yote yameandikwa from bei import kilo. Bei ikipandishwa mchana kwa bei.kilo = 14000 risiti bado zinatoka na ya asubuhi, wakulima wamepanga foleni wanalalamika na wana haki. Ile from inachukua thamani iliyopo wakati huo na kuipa jina ndani ya faili lako, kule ikibadilika huku huna habari. Tulirudi kwenye import bei halafu bei.kilo kila mahali, kwisha.

Mdau wa Arua: from os import * jamani iacheni, hiyo nyota inaleta majina yote ya os (moduli ya Python ya kushughulika na mfumo wa kompyuta). Nilikabidhiwa kodi ya mtu, open('orodha.txt') ya kufungua faili tu inadai flags, kitu ambacho open ya kawaida haidai! Kumbe os ina open yake na imeshaifunika ya kawaida, juu ya faili huwezi kujua jina gani limetoka wapi

Mdau wa Jinja: Ukiwa kwenye >>> (pale unapoandika amri za Python mojamoja) ukabadilisha faili, import ya pili haisomi upya, moduli (lile faili uliloimpoti) imeshahifadhiwa kwenye sys.modules, orodha ya zilizokwisha kuimpotiwa. Tumia importlib.reload isomwe upya

Mimi mleta mada: Wa Jinja sawa kabisa kaka, ila reload haigusi majina uliyoyachukua kwa from, yule wa Mbale angeendelea kuona bei ileile mpaka aimpoti tena hilo jina. Kwa programu ya pesa za watu bora uifunge na kuianzisha upya.