Mkandarasi ametuuzia intaneti ya akiba isiyofanya kazi: tawi limezimika kwa muda wa saa tano huku ruta ikiwaka kijani

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi mitandao wa chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu Dar es Salaam na matawi mikoani, likiwamo la Masasi. Mwaka jana tulimlipa mkandarasi aunganishe kila tawi na makao makuu kwa njia mbili za VPN, yaani handaki la siri linalopita ndani ya intaneti: faiba iwe njia kuu, na laini ya 4G iwe ya akiba, ili faiba ikikatika kazi iendelee bila mteja kujua. Hati ya makabidhiano imeandikwa "imejaribiwa", ina sahihi yake na mhuri. Nimekasirika, na nitaeleza kwa nini.

Jumanne iliyopita, yapata saa tatu asubuhi, kijiko cha watengeneza barabara kilikata faiba ya Masasi. Ni msimu wa malipo ya korosho, na ukumbi ulikuwa umejaa wazee waliotoka vijijini tangu alfajiri. Mhudumu wa dirisha la pili alinitumia picha kwa bando lake mwenyewe: "Kaka, mbona ruta iko sawa lakini mfumo haufunguki?" Katika picha ile, kisanduku cha mtoa huduma kilikuwa kimewasha taa nyekundu ya LOS, yaani mawimbi ya faiba yamepotea, na ruta yetu iliyo pembeni yake ilikuwa ya kijani tupu.

Mkandarasi aliipanga ruta iangalie ule waya mfupi tu unaotoka kwenye kisanduku. Waya ulikuwa mzima na kisanduku kilikuwa na umeme, basi ruta ikaamini kwamba faiba ipo, ikaendelea kupeleka data kusikofika. Ilipaswa kupiga ping, yaani kutuma ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", kila baada ya sekunde chache hadi kwenye anwani iliyo upande wa pili wa handaki la VPN, na ikikosa jibu mara tatu ihamie 4G. Ni mistari michache ya mpangilio, na angeuchomoa uzi wa faiba nyuma ya kisanduku mara moja tu siku ya makabidhiano, kasoro hii ingeonekana hapo hapo.

Nikamwomba dada yule auchomoe waya wa ruta ili kuilazimisha ihamie 4G. Bando la laini ya akiba lilikuwa limekwisha wiki tatu nyuma, na hakuna aliyekuwa amepangiwa kulifuatilia. Nikalinunua. Intaneti ikarudi, VPN ikagoma, kwa sababu faiawoli ya Dar, kifaa kinacholinda lango la mtandao wetu, ilipangwa kulitambua tawi kwa anwani ya IP ya kudumu ya faiba peke yake. Laini ya kawaida ya simu haina anwani ya kudumu ya hadharani. Inachangia anwani moja na wateja wengine wengi wa kampuni ya simu, na huwezi kuanzisha mawasiliano nayo kutoka nje. Mtu anayeishi kwa kazi hii hawezi kusema hakulijua hilo. Dawa yake ni tawi ndilo lianzishe handaki kuelekea Dar na lijitambulishe kwa cheti cha kidijitali, si kwa anwani. Niliyapanga hayo peke yangu kwa simu, hadi saa nane mchana, wakati wazee wengine walikuwa wameshaondoka mikono mitupu.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni barua yake ya juzi. Anataka alipwe tena ili matawi yote na makao makuu yakutane kwenye seva ya kukodi iliyopo Frankfurt. Yaani data itoke Masasi, ivuke bahari hadi Ujerumani, ndipo irudi Dar! Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya zinazotuletea intaneti kupitia chini ya bahari, ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na sote tunakumbuka intaneti ya nchi hii ilivyokuwa siku zile. Kwa mpango wake, siku kama ile ofisi mbili zilizomo ndani ya Tanzania zingepotezana kwa sababu ya hitilafu ya baharini, ilhali faiawoli ya Dar ina anwani yake ya kudumu na matawi yanaweza kuifikia moja kwa moja.

Nimemwomba mhasibu azuie awamu ya mwisho ya malipo, naye amekubali. Nimemwandikia mkandarasi kwamba jaribio litafanyika Masasi, siku ya kazi, saa nne asubuhi, mbele ya meneja wa tawi, na uzi wa faiba nitauchomoa mimi.