Riwaya za taharuki kwenye tuzo: meza moja au fungu lake?

Mwenye mada, Kampala

Ndugu zangu, kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi jana, nimeona nilimwage hapa tulichambue.

Niliitwa niwe mmoja wa waamuzi 3 wa shindano la kuandika hadithi katika sekondari moja ambayo sitaitaja. Zilikuja hadithi 14 za Kiswahili. Nyingi unazijua hata kabla hujazifungua: yatima, mama wa kambo, pombe, na mwishoni mtu anatubu chini ya mwembe. Moja ilikuwa kwenye daftari la kurasa 96, gamba limevalishwa gazeti. Dereva wa lori amekwama mpakani Malaba, siku ya tatu sasa. Kontena lake limefungwa sili, ile lakiri ya chuma yenye namba. Usiku anazunguka nyuma ya trela kujisaidia, anamulika kwa tochi ya simu, anaona namba ya sili inaishia na 7. Karatasi zake zinasema 1. Hakuna aliyekufa, hakuna bunduki. Mimi niliisoma nimesimama mpaka chai ikapoa.

Nyuma ya daftari kulikuwa na majina kwa penseli, moja chini ya jingine, mengine yamepigwa mstari. Nikadhani ni mahudhurio. Kumbe ni foleni ya kuazima! Nilihesabu majina 23.

Tulipokaa kutoa alama, mwenzangu mmoja akaandika pembeni: "Inasisimua, ila ni mambo ya polisi na wezi." Ikaanguka raundi ya kwanza. Sikuitetea vya kutosha, nakiri.

Swali langu ni hili. Katika tuzo za fasihi, riwaya za taharuki, yaani za upelelezi, ujasusi na uhalifu, zitengewe fungu lake, au zigombee meza moja na zile nzito wanazoziita riwaya dhati?

Mimi nasema meza moja, na shahidi wangu ni historia. East African Literature Bureau, idara iliyohudumia Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, iliendesha shindano la hadithi za Kiswahili la 1957-58. Aliyeshika nafasi ya kwanza ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kikatoka 1960. Ni yule mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anachunguza mauaji. Maana yake mpelelezi wa Kiswahili aliingia nyumba ya fasihi kwa mlango wa mbele, tena mkononi ana tuzo. Nani basi alimhamishia uani?

Mwalimu wa Jinja

Aliyemhamishia uani ni sisi walimu, usizunguke mbuyu. Historia yako ni ya kweli ila umeikata katikati. Mwaka 1958 rafu ilikuwa moja. Baadaye, miaka ya 70 na 80, Dar es Salaam ilitoa vile vijitabu vya kutia mfukoni, Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango, vikauzwa kama njugu. Wahakiki wakaja na jina "riwaya pendwa", na lilikuwa jina la kudharau. Walisema ni kuiga Wazungu. Baadhi ya vitabu vilistahili kusemwa hivyo, tusidanganyane. Vingine vilipigwa kwa sababu tu jalada lilikuwa na mwanamke na bastola.

Mimi nataka fungu lake, na si kwa kuvidharau. Kazi ya taharuki ina ufundi wake: kupanda dalili mapema bila msomaji kuishtukia, kujua nini kifichwe na kifichwe mpaka lini, na kufunga kila mlango uliofunguliwa. Mwamuzi aliyezoea kutafuta falsafa na lugha ya mkato hana mizani ya kupimia hayo. Ni kumpa fundi seremala apime dhahabu.

Waingereza waliliona hili zamani. Chama chao cha waandishi wa uhalifu kilianzishwa 1953, kikaanza kutoa tuzo 1955. Mwaka 2002 wakaongeza tuzo ya Ian Fleming Steel Dagger kwa ajili ya taharuki peke yake, kwa kuwa waliona hata hadithi ya upelelezi na hadithi ya kukimbizana si kitu kimoja. Marekani wanatoa tuzo ya Edgar tangu 1946, kwa heshima ya mwandishi wao Edgar Allan Poe. Hawakukaa mlangoni kwa wakubwa wakisubiri kukaribishwa.

Muuza vitabu vya mtumba, Kampala

Mimi natandika turubai kando ya barabara, napanga vitabu, nasubiri. Miaka 11 sasa. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza kitabu kimepata tuzo gani.

Wanachouliza ni "Kurasa zote zipo?" Mitumba hukatika mwishoni, hasa ile iliyofungwa kwa gundi. Sasa sikilizeni, waheshimiwa wa fasihi: kitabu kizito kikikosa kurasa 4 za mwisho nakiuza, na mteja harudi kulalamika. Cha taharuki kikikosa ukurasa mmoja, kesho asubuhi yuko hapa anataka pesa yake.

Za Kiswahili nazo zinaulizwa, msidhani. Wanafunzi wa S1 na S2, kidato cha kwanza na cha pili, wanasoma Kiswahili kwa lazima tangu mtaala wa 2020, wanakuja wakitafuta kitu chepesi. Ninachowapa ni nini? Vitabu vya sarufi.

Msomaji, Entebbe

"Riwaya pendwa." Ajabu ya tusi hili. Nani anaandika ili asipendwe?

Binti Mbale

Kabla ya kugawana meza, naomba tuangalie nani amelala juu yake. Katika nyingi ya hadithi hizi mwanamke ana kazi 2: kuwa maiti ukurasa wa kwanza, au kuwa mtego ukurasa wa mia. Mnajadili waamuzi kana kwamba kinachopimwa ni kasi tu.

Mwaka 2018 Uingereza ilianzishwa tuzo iitwayo Staunch, sharti lake moja: riwaya ya taharuki ambayo ndani yake hakuna mwanamke anayepigwa, kufuatwafuatwa, kudhalilishwa kijinsia, kubakwa wala kuuawa. Nilipoisikia nikapiga vigelegele. Kisha nikasoma kwamba waandishi wanawake wenyewe, akiwemo Val McDermid, waliipinga. Hoja yao: ukatili upo mitaani, ukiufuta kitabuni humlindi mtu, unamnyamazisha anayeueleza. Ikabidi nivimeze vigelegele vyangu. Mpaka leo niko katikati. Dada yangu mkubwa alikaa na mume mpigaji miaka 6, na kitabu cha kwanza alichosoma mpaka mwisho maishani mwake kilikuwa cha mwanamke anayetoroka mume usiku. Kwa sharti lile kitabu hicho kingekataliwa.

Lakini Oyinkan Braithwaite wa Nigeria alionyesha njia nyingine. Riwaya yake ya nesi anayesafisha damu kila mdogo wake wa kike anapomuua mpenzi iliingia orodha ndefu ya tuzo ya Booker 2019. Muuaji ni binti, mfichaji ni binti, na unacheka huku unaona aibu kucheka. Hiyo ilikaa meza moja na wakubwa, Mwalimu, na haikuomba kiti cha pembeni.

Mwenye mada, hiyo hadithi ya Malaba ina mwanamke?

Mwenye mada, Kampala

Binti Mbale, ina mmoja. Anauza chapati na mayai pale lori zinapopanga foleni, na ndiye wa kwanza kugundua kwamba kuna mtu alilala chini ya trela. Kwa sababu alimkopesha chai.

Mwalimu, fundi seremala nimemkubali. Ila dawa ya mwamuzi asiyejua ni kubadilisha mwamuzi. Huwezi kujenga chumba kingine kwa sababu ya mtu mmoja. Na mstari wenu unauchora wapi? Jennifer Makumbi wetu alishinda shindano la miswada la Kwani? Manuscript Project mwaka 2013 kwa Kintu. Riwaya hiyo inafunguka Bwaise, mwaka 2004, mtu anatolewa kwake asubuhi na kabla jua halijapanda ameuawa na umati. Hayo si polisi na wezi? Mbona hakuna aliyeandika pembeni? Na tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, hii inayoitwa sasa Safal-Cornell, iliyoanza 2014 na zawadi za jumla ya dola 15,000, mara ya kwanza kutolewa, 2015, kati ya washindi alikuwemo Enock Maregesi wa Tanzania kwa riwaya ya ujasusi na magenge ya dawa za kulevya. Alikaa meza moja na washairi.

Mwalimu wa Jinja

Umenitajia mmoja. Nitajie wa pili.

Afande mstaafu, Koboko

Samahani kwanza, Kiswahili changu ni cha kambini, msinisahihishe kila mstari.

Mnasema riwaya ya taharuki kwa Kiswahili ndani ya Uganda kama vile ni kitu cha kutafutwa. Kipo. Tangu King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, Kiswahili hapa kilivaa buti. Mwaka 1973 Amin alitangaza kiwe lugha ya taifa, na watu wa kusini wakakisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani: "Toka nje. Kipande. Lala chini." Mke wangu ni Muganda. Tumeoana miaka mingi, wajukuu wapo, na mpaka leo nikizungumza na simu usiku kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, anaamka. Haulizi kitu. Anaamka tu, anakaa kitandani mpaka nimalize.

Kwa hiyo mwandishi wa Uganda akiandika tu neno "Fungua", hahitaji kupanda dalili. Msomaji wake ameshaganda. Wa Dar akisoma neno hilo hilo anaona mgeni amekuja na ndizi.

Sasa mimi nauliza waamuzi. Hadithi ikija na askari anasema "wewe nakuja toka wapi", mtakata alama kwa sarufi? Mkikata, mmeua kitabu, maana askari wa Uganda hakusema kwa sarufi. Akisema vizuri kama mtangazaji wa redio, hakuna atakayemwogopa, wala atakayemwamini. Tuzo za Kiswahili mizani yake iko Unguja na Dar. Hapo ndipo pana mgogoro. Meza moja ama mbili, mimi sioni tofauti, kama kisu cha sarufi ni kile kile.

Binti Mbale

Afande, shikamoo. Hili la mke wako limeninyamazisha. Niulize kwa heshima: yeye angetaka kitabu kama hicho kiandikwe?

Afande mstaafu, Koboko

Marahaba. Nimemuuliza sasa hivi. Anasema kiandikwe, lakini kwa Luganda, na akina mimi tu ndio tuseme Kiswahili humo ndani.

Msomaji, Entebbe

Huyo mama apewe uenyekiti wa jopo la waamuzi.

Mwalimu wa Jinja

Afande, kwa hili nasalimu amri, na nasema kama mtu aliyekata alama za namna hiyo miaka 20. Mazungumzo ya mhusika si insha. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, tukashangilia, lakini hakuna aliyesema ni Kiswahili cha nani. Tukiandaa tuzo yetu hapa, sharti la kwanza liwe jopo lenye angalau mtu mmoja aliyejifunzia Kiswahili sokoni Busia au kambini, na si darasani.

Ila kwenye fungu sijasogea. Mwenye mada anataka abadilishe mwamuzi. Mwamuzi hubadilishwa kila mwaka, na kila mwaka mpya anakuja na dharau ile ile kwa sababu ameipata chuoni. Kanuni ikiandikwa, inabaki. Mpe mtoto wa Malaba fungu lake leo apate kitu mkononi. Mlango wa mbele ataugonga akikua.

Mwenye mada, Kampala

Na akishapewa fungu ataambiwa: wewe si umeshapata ya kwako? Nimeona redioni, nimeona magazetini. Ukurasa wa pembeni haurudi mbele.

Muuza vitabu vya mtumba, Kampala

Mnabishana vizuri, mvua imenyesha sina wateja, nimewasoma wote. Lakini hakuna aliyeuliza la maana. Dereva alivunja ile sili au hakuvunja?

Mwenye mada, Kampala

Ndugu, hapo umenishika pabaya. Sijui. Ukurasa wa 96 unaishia ameshika koleo, na yule mama wa chapati anamwambia ngoja. Daftari likaisha. Hii sikuisema mwanzoni, nisameheni, niliona itaharibu hoja yangu.

Mwalimu wa Jinja

Ahaa! Milango yote wazi. Basi hata kwenye fungu langu ingeanguka raundi ya kwanza.

Msomaji, Entebbe

Na wale 23 walisoma bila mwisho na hawakurudi kulalamika?

Mwenye mada, Kampala

Hawakurudi. Nilipita shuleni Ijumaa, foleni imefika 31.

Muuza vitabu vya mtumba, Kampala

Mnunulieni daftari la pili. Kama hamna, aje kwangu, nina moja la kurasa 200.